Mishono Saba

Mama alishona sare za shule pale Kibuye,
kibanda cha tatu ukitoka kwa wauza omena.
Sindano iliingia kitambaa, ikatoka,
ikaingia, ikatoka.
Sikujua kwamba nilikuwa darasani.

Leo nafundisha wauguzi wa mwaka wa pili.
Stima imepotea Milimani yote.
Nachora kwa chaki utando wa seli,
safu mbili za mafuta zilizolaliana,
na uzi mmoja wa protini unaozipenya mara saba.
Saba, nasema. Andikeni.
Kichwa cha uzi kiko nje, mkia uko ndani,
na katikati ya mishono pamebaki mfuko
wa kupokea kitu kisichopatana na maji.

Khayumbi anainua mkono kule nyuma:
"Mwalimu, kwa hivyo Mungu alitushonea mfuko wa bangi?"
Darasa linaangua kicheko. Nami kidogo.

Hapana. Mmea ni mgeni
aliyeokota ufunguo unaofanana na wa mwenyeji.
Mwenyeji ni mafuta ambayo seli hujitengenezea,
papo hapo, kwa dharura, kutoka ukuta wake yenyewe,
kama mtu anayepasua ubao wa kitanda
ili chai ya mgeni ichemke.
Na ujumbe wake hurudi kinyumenyume:
neva inayopigiwa kelele
ndiyo inayovusha neno kwenye ule ufa mwembamba
hadi kwa mpiga kelele:
basi, nimesikia.

Uzi unajipinda. Chini ya mkia
wameketi watatu, wamegandamana.
Mmoja anatupa sarafu kuukuu, anashika mpya,
anawaacha wenzake, anakwenda
kwenye kimeng'enya kinachofyatua wajumbe
na kukiambia: punguza.
Wawili waliobaki hawaachani mikono.
Wanafunga lango la kalisiamu,
la potasiamu wanaliacha wazi,
na vile vifuko vilivyojaa kelele
vinakaa kwenye foleni, havipasuki.

Hapa chaki inanikatikia.

Sijawaambia kuhusu Ogutu, mdogo wangu,
aliyekamatwa Manyatta na misokoto mitatu.
Koplo aliihesabu mara mbili, akaandika.
Miwili ilikuwa yake.
Wa tatu alikuwa aufumue, auchemshe kwenye mafuta ya nazi
ampake Mama nyayoni,
maana sukari imemla neva za miguu
na usiku anatembea juu ya makaa
akiwa amelala.
Vidonge nilivyomletea mimi, mwenye digrii,
vilimpa usingizi wa mchana tu.
Mafuta ya Ogutu yalisaidia?
Mama alisema ndiyo.
Mtafiti ndani yangu alidai kipimo.
Mtoto ndani yangu alikwenda kumwekea maji ya kuoga.

Nachukua chaki nyingine.
Kuna protini ambayo huja mwishoni, nasema,
huung'ang'ania ule mkia, mazungumzo yakakatika,
kisha seli inakimeza kipokezi kizimakizima,
mfuko na mishono yake.
Mlango ukibishwa kutwa kucha
mwenye nyumba huung'oa mlango.
Ndiyo maana panapotosha mmoja leo,
mwakani hapatoshi miwili.
(Hili nalisema nikitazama dirisha.)

Stima inarudi, feni inakohoa.
Wanakusanya vitabu, wanakumbuka njaa.
Khayumbi bado anakopi, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo.
Nasimama nyuma ya bega lake, nahesabu.
Sita.
Kwa mishono sita mkia umebaki nje,
unapungia hewa,
hauna wa kumwambia lolote ndani.

Mama angefumua kwa meno.
"Umeruka mmoja," namwambia.
Ananitazama, anatazama ubao,
analamba ncha ya penseli,
anapitisha tena.