Utoro wa Maji

Ndoo ni ya bati, lita kumi, mdomo umepinda.
Naitega chini ya bomba linalotoka mguuni mwa tuta,
nahesabu.
Jana sekunde arobaini. Leo arobaini na moja.
Nakinga kidogo kwenye glasi ya chai, nainyanyua juani.
Safi. Naandika: safi.
Siku nitakayoandika chai ya maziwa
msiniulize kitu, bebeni watoto mpande mlima.

Alinifunza marehemu Muhenna:
tuta la udongo haliangushwi na kishindo,
huliwa ndani kwa ndani, punje kwa punje,
kama mlango ulioingia mchwa,
nje rangi inang'aa, ndani unga.
Basi nazunguka.
Nang'oa miche ya mkunazi ingali na majani mawili,
maana mzizi hauna adabu, ukinusa maji hutoboa.
Shimo la mbweha nalijaza udongo wa mfinyanzi,
nashindilia kwa kisigino.
Kijijini wanasema Shinuna anapapasa tuta kama mkunga.
Na waseme.

Ugomvi ni wa utoro,
ule mfereji mpana wa mawe, ubavuni,
mikono mitatu chini ya kilele cha tuta:
maji yakizidi yapite pale, yaende zao bondeni.
Neno lenyewe linamuudhi Ghasib.
"Utoro! Maji ya Mungu, mara mbili kwa mwaka,
nawe umeyawekea mlango yatoroke?
Mitende yangu imekauka vichwa.
Zamu yangu ya falaji ilikuwa saa nzima,
sasa nusu saa, na nusu yenyewe matope."
Hakusema uongo. Mitende nimeiona.
Akapanga viroba vya mchanga mdomoni mwa utoro,
safu nne,
akakung'uta kanzu, akaenda kuswali isha.

Kwetu hapakuwa na wingu. Nyota zote zilikuwapo.
Lakini kule mlimani umeme ulimulika bila sauti
na upepo ukaniletea harufu ya vumbi lililoloa.
Nikachukua tochi na kisu cha kukatia majani ya mbuzi.
Kubeba viroba, mgongo wangu hauwezi.
Nilivipasua tu, kimoja kimoja,
mchanga ukamwagika miguuni, bado una joto la mchana.

Nilikuwa na miaka tisa tulipoondoka Wete.
Mama alifunga mlango, ufunguo akautia kifuani.
Nikamuuliza, tunakimbia?
"Usiseme tumekimbia," akaniambia. "Sema tumepita."
Sijui kwa nini lilinijia hilo, usiku ule,
na kisu mkononi.

Wadi ilishuka kabla ya alfajiri,
mngurumo wa lori linalomwaga kokoto lisimalize.
Bwawa likapanda, likaufikia utoro, likapita,
kina cha shibiri mbili, rangi ya kahawa,
na matawi, na ndara ya mtu, na galoni tupu,
hata adhuhuri.

Ghasib alikuja akasimama.
Hakunisalimu.
Alitazama maji yanavyokwenda
kama mtu anayetazama fedha zake zikihesabiwa mkononi mwa mwingine.
Ningemwambia nini?
Gharika isiyotokea haina shahidi,
haina jeneza, haina hata tope ukutani la kumwonyesha mtu.
Labda viroba vingeshika.
Labda.

Nimempa nusu ya zamu yangu mpaka mwezi uandame.
Ameipokea kimya, amefungua kijito kwa jembe,
hakugeuka.

Asubuhi hii ndoo imejaa kwa sekunde thelathini na tatu.
Bwawa limejaa, lazima liharakishe, ndiyo kawaida yake.
Nimenyanyua glasi juani.
Kuna kitu kinaelea, au ni ukungu wa macho yangu.
Nimeiweka juu ya jiwe.
Naisubiri itulie.