Jina Lililoniruka

Baba tumemzika Jumanne, mvua ya Lincolnshire ikinyesha kimshazari,
na leo wakili ametandaza hati mezani
juu ya kitambaa chenye doa la chai
ambalo Mama aliliombea radhi miaka ishirini.

Hati ni ngozi ya ndama. Lakiri yake imepasuka katikati.
Inasema: Fulk Askerby, tajiri wa sufu,
alimlipa mfalme ujira wa askari thelathini kwa miaka mitatu,
wakalinde huko Ayalandi mashamba waliyopokonywa wenyewe,
naye akapewa neno la kutanguliza mbele ya jina lake.
Neno moja.
Kondoo elfu mbili waliuzwa kulinunua.

Kisha orodha. Miles, aliyeoa mara tatu akisaka mtoto wa kiume.
Jocelyn, aliyekunywa kinu cha kusagia na mashamba mawili.
Peregrine, aliyetajirika kwa kisiwa cha miwa na mijeledi,
na ambaye picha yake pale ukumbini haina mkono wa kulia:
mchoraji hakumaliziwa malipo.
Wakili anawasoma kama anayehesabu nguo za dobi.

Mimi namjua mwingine, Temperance,
aliyeshika daftari miaka arobaini
akalikomboa paa hili kwa jibini na asali.
Amelala nyuma ya kanisa, upande wa mfereji.
Jiwe linasema: Dada yake Jocelyn. Basi.

"Cheo hushuka kwa wanaume," wakili anasema bila kuinua macho.
Hushuka. Kama unyevu wa ukuta wa maktaba.
Kimeniruka mimi niliyemwogesha Baba,
niliyemkata kucha, niliyemsomea bei za shayiri hadi akasinzia,
kikavuka bahari kumtafuta Denholm,
binamu wa tatu, fundi bomba wa Saskatchewan.

Nimempigia simu. Kwao ni alfajiri.
"Kinakuja na nyumba?"
Hapana, iliyobaki ni ya benki.
"Fedha?"
Kimya. Mbwa wake anabweka.
Dirishani kondoo wa jirani wameingia tena bustanini,
wanatafuna taratibu.
Kilemba cha ukoka, nawaza,
na hao ndio pekee wajuao ladha yake.

"Subiri," anasema baroneti wa kumi na mbili,
"hayo ni maji yanadondoka?"
Ndiyo. Tangu Novemba.
"Chini ya sinki kuna koki. Iko?"
Nimepiga magoti, simu begani.
"Geuza kulia. Polepole, dada. Usiilazimishe."