Kujaribu Gari, Menengai

Miaka thelathini na minne nimetibu injini kwa sikio.
Nikatandika gazeti kwanza, nisiichafue ngozi ya kiti.
"Twende, mzee Gathogo," akasema Chepng'eno, muuzaji.
"Imeshawaka."
Imewaka? Mbona sijasikia kitu?

Tukaiacha Milimani, tukaukwea mlima
kimya, kama paka anayenyemelea jikoni.
Nikasikia kokoto. Nikasikia saa yangu.
Nikasikia goti langu la kushoto,
kumbe hugonga
kama vali iliyokosa oili.

Kileleni nikafungua boneti, mazoea tu:
mwavuli, na viatu vyake vya visigino.
Basi.

Kule chini kreta ilikuwa ikitoa mvuke.
"Umeme wenyewe," akasema, "mwingine hutoka pale."
Bei sikuuliza.
Niliinama ukingoni,
nikautegea mlima sikio.