Lisilo na Ulimi

Siku ya kwanza Igurusi niling'oa mpunga.
Si mche mmoja wala miwili. Nilijaza kikapu,
nikapanda tutani kifua mbele.
Msigwa msimamizi akakimwaga, akachambua,
akakata elfu mbili kwenye ujira wangu
bila hata kupandisha sauti.

Anyisile akanivuta hadi mferejini,
kwenye maji baridi yaliyoshuka usiku kutoka Uporoto.
"Usitazame kimo, kimo kinadanganya.
Rangi nayo ina siku zake.
Kunja jani. Hapa, linapoachana na shina."

Nikakunja. Tope limenifika kwenye kope.
Kwenye mpunga kikachomoza kitu cheupe,
chembamba kuliko ganda la kitunguu, ncha imepasuka.
"Huo ulimi. Na vinyweleo hivi vya pembeni, masikio."
Akaokota jingine, pacha wa mpunga kabisa,
akalikunja: patupu,
kama mlango usio na kizingiti.
"Hili halina ulimi, halina masikio.
Ndiyo maana ukilifukuza halisikii."

Jioni nilijipa mtihani peke yangu.
Ukingoni, pale trekta linapogeuzia
na kuacha udongo matumbo nje,
yalikuwa yamejaa, yamewahi kuliko kila kitu.
Nikavuta moja, likaja zima bila ubishi,
mizizi nyuzinyuzi, hakuna kiazi, hakuna tambazi:
la msimu mmoja, halikuweka akiba chini.
Shina limelala ubavu kabla ya kusimama,
wekundu kidogo kwenye kifundo.
Mengine yamepigwa zambarau, mistari ikikata jani,
kana kwamba mtu alianza kuyapima kwa rula akaitwa chakula.
Masuke mafupi yameegemea mhimili,
punje zimejipanga safu nne, ndogo, hazina ndevu.
Yuko ndugu yake mwenye ndevu, naambiwa.
Bado hatujaonana.

Mama yake Anyisile, mwaka mvua ilipokatika Januari,
aliyapura masuke haya juu ya kanga,
ukapatikana uji wa kijivu, watoto watano.
Alinieleza hayo
akiendelea kung'oa.

Siku hizi mkono unajua kabla ya jicho.
Dole gumba linapita kwenye kiungo,
likikwaruzwa na ulimi, linaacha;
likiteleza, linavuta.
Usiku naota nakunja majani,
naamka nimeshika pindo la shuka.

Leo tumemaliza jaruba la mwisho.
Msigwa amelipa kamili, noti zina unyevu wa mfuko wake.
Penye lango la maji limebaki moja,
limekomaa, ukiligusa linapukutika.
Nimetazama nyuma. Anyisile ananawa miguu.
Nimelitikisa juu ya maji, mara tatu,
punje zikaelea zikifuata mfereji
kuelekea kule tulikopalilia.

Msimu ujao nitahitaji kazi.