Daftari la Skrubu

Mimi ni karani wa stoo ya thieta, Mbarara.
Nahesabu glovu, nyuzi, nyembe,
na skrubu za titani ninazozifungia
kabati moja na majani yangu ya chai,
maana vyote viwili huibwa.

Jumatatu walikuja watafiti watatu
na fomu ya kurasa kumi na moja.
Wanataka kujua mgongo mmoja unagharimu nini
hapa, na Chennai, na kule kwenye theluji,
na kila shilingi inanunua miaka mingapi
ya mtu kusimama wima.
Swali zuri. Sikulidharau.
Hata mama alipima nyama kwa macho kabla ya kuuliza bei.

Nikafungua daftari, mstari wa Rwakishaija.

Rwakishaija, mpakiaji wa matoke, Kabwohe.
Aliteleza juu ya lori lililojaa,
akashuka pamoja na mkungu wake.
Pingili ya kumi na mbili ikavunjika kama ya muwa,
si kwenye fundo: katikati, penye maji.
Redio ya dereva ilikuwa inasema
kilimo ndicho uti wa mgongo wa taifa.
Hakuna aliyeizima.

Upasuaji haulipiwi, kumeandikwa ukutani kwa rangi ya buluu.
Skrubu hazikuandikwa ukutani.
Siku kumi na tisa alilala akizisubiri.
Kyarisiima, mkewe, akauza Gaaju kwanza,
kisha Siina.
Bihogo alimwacha mwisho kwa kuwa ana mimba,
halafu akampeleka mnadani kwa sababu hiyohiyo.
Sasa niandike ng'ombe watatu au wanne?
Fomu haina safu ya aliye tumboni.

"Upasuaji wenu ni rahisi," akasema kijana wa miwani,
akifurahi kwa niaba yetu.
Kiswahili changu ni cha kambini,
baba alikuwa karani wa jeshi,
na alinionya kuhusu maneno yenye midomo miwili.
Rahisi: bei ndogo.
Rahisi: jambo jepesi.

Akanionyesha mchoro kwenye kompyuta.
Kule kwenye theluji, juu kabisa:
skrubu ni hizihizi, ila chumba, bima, mwanasheria,
na mgonjwa analipwa kulala.
Chennai, katikati:
tiketi, viza, shemeji wa kumsindikiza.
Na sisi chini, kushoto, nukta ya kijani,
mahali pazuri, alisema, pa kutia fedha.

Nukta ni ya kweli. Sikubishana nayo.
Dokta Natukunda akifungua mgongo
umeme ukakatika, humaliza kwa taa ya kichwani.
Nikauliza tu:
zile siku kumi na tisa ziko safu gani?
Na jembe la Kyarisiima, lililolala pamoja na mume?
Na binti yao, Ainembabazi, miaka kumi na mitatu,
aliyemgeuza babake kila baada ya saa mbili usiku kucha
asipate vidonda,
kwa kuwa muuguzi ni mmoja na vitanda thelathini na nane?
Hicho ndicho kifaa chetu cha bei nafuu kuliko vyote.
Hakina risiti.

Kijana akaandika. Akafuta.
Akaandika tena pembeni, nje ya mistari, kwa penseli.

Kwa lugha hii, jambo likilipiwa na asiyetajwa
tunasema limefanyika kwa mgongo wake.

Skrubu zilinunuliwa sita. Tano zikaingia.
Mfupa wa upande mmoja ulikataa ya sita.
Iko kabatini, kando ya chai.

Mwezi wa nne Rwakishaija alirudi kwa miguu yake,
fimbo mkononi, shati limepigwa pasi.
Akaniomba niirudishe dukani.
Kwa hesabu yake, ile iliyobaki
ndiyo yule ndama.

Duka halipokei kilichokwisha kufunguliwa.
Nilimwambia hivyo.
Nikafungua kabati,
nikamchemshia chai,
naye akainywa amesimama.