Feni Moja

Kipimajoto kimeng'ang'ania kiooni kama kupe:
nyuzi thelathini na moja, saa nne asubuhi,
na jua la Szeged bado halijafika upande wetu.

Bence alisema wiki mbili.
Nitunzie, akasema, akabeba sanduku moja,
akaenda Rotterdam kufunga nyaya za meli.
Leo ni mwaka wa tatu.
Wale aliowaacha wengi wao nimekwisha kuwazika
kwenye chungu cha maua pale roshani.
Hawa ni watoto wao, na mimi,
niliyekuwa siwapendi samaki hata sahanini,
nawatambua kwa mikia.

Ghorofa ya tano, kuta za zege.
Zege haisahau:
kinachopikwa humo mchana hupakuliwa usiku.
Nimeshusha mapazia, nimezima taa ya tangi,
nimeondoa kifuniko.
Chakula nimekipunguza nusu, maana aliyeshiba
hudai pumzi nyingi, na pumzi humo ni haba;
maji yakipata moto
hewa ndiyo huwa ya kwanza kuhama.

Friza yangu haina nyama.
Ina chupa nane za maji zimesimama bega kwa bega
kama watu kwenye foleni ya mkate.
Moja hushuka tangini, huelea, huguna.
Neoni huikimbia, kisha huizunguka
kama wageni wanaoizunguka sanamu uwanjani.
Nyuzi mbili kwa siku, usizidishe:
baridi ya ghafla nayo huua.
Hilo nililijua kwa gharama ya mmoja mwenye mistari.

Feni ni moja.
Hapo ndipo penye kesi.
Usiku wa kwanza niligawa: saa moja kwangu, saa moja kwao.
Usiku wa pili nililala na taulo bichi kifuani
nikiusikiliza upepo wangu ukipita juu ya maji ya wengine.
Asubuhi maji yamepungua vidole viwili
na joto limeshuka pamoja nayo.
Ndiyo bei. Anayetaka kupoa
hana budi kuachilia kitu kiende.
Nikajazia kwa kikombe, maji yaliyolala ndooni tangu jana.

Jumamosi, saa tatu usiku, umeme ukakatika.
Sikujua nyumba yangu ina sauti ngapi
mpaka zilipokufa zote: friza, pampu, feni.
Samaki wakapanda mmoja mmoja,
midomo kwenye ngozi ya maji,
wakiomba hewa ya watu.

Rozália wa chini, yule anayegonga bomba kwa mwiko
kila pampu inapokoroma,
akapanda na mshumaa na sufuria ya barafu
iliyokwisha kuwa uji.
"Wanakufa?"
"Bado."
Akakunja mikono ya gauni lake la kulalia,
akachukua kikombe.
Tukachota, tukainua, tukamwaga kutoka juu
ili maji yarudi nyumbani yamebeba hewa.
Yeye mara mia, mimi mara mia.
Alihesabu kwa sauti, kama anayehesabu mishono.
Saa sita alinisimulia habari za marehemu mumewe
na njiwa zake, na jinsi alivyowachukia. Njiwa, si mume.
"Mume kidogo," akaongeza.
Saa nane tulikuwa kimya, tumelowa hadi viwiko,
na, Mungu anisamehe, kulikuwa na ubaridi mtamu.

Kabla ya alfajiri friza ikashtuka, ikakohoa.
Kambale mmoja mdogo alikuwa amelala ubavu chini ya jiwe.
Waliobaki kumi na tisa. Nilihesabu mara mbili,
Rozália mara tatu.

Jumapili Bence akapiga simu. Kwao mvua.
"Samaki wangu wapo?"
Nikatazama tangi, kikombe chenye ufa
kimesahauliwa ukingoni.
"Wangu wapo," nikamwambia.

Jumatatu nilikwenda kununua feni ya pili.
Zimekwisha mji mzima.
Niliporudi nikakuta chupa ya tisa mlangoni,
imeviringishwa gazeti la juzi,
bado ngumu kama jiwe.