Safu Mbili

Nimegawa ubao kwa chaki:
huku hakika, huku maoni.
Kisha tukapanda kilima nyuma ya shule, Kidamali,
darasa la tano, soksi zimelowa umande wa Juni.

Mawe kumi na saba, yamepangwa.
Nyenza kayahesabu mara mbili. Hakika.
Kigae cha chungu, cheusi kwa ndani. Hakika.
"Mji ulikuwa mzuri!" Luhwago anapaza sauti.
Mzuri kwa nani? Anakuna kisogo,
analihamishia neno safu ya pili.

"Walikimbia vita," anasema Mhapa.
Nani aliona?
Kimya.
Si hakika, wala si maoni;
ni dai linalotembea pekupeku,
na mimi nimechora safu mbili tu.

Pembeni Atuganile, ambaye darasani haongei,
amekiokota kile kigae.
Kidole chake kimezama katika kishimo
alichobonyeza mfinyanzi udongo ukiwa mbichi.
Kimeenea. Hakibani, hakipwayi.

"Mwalimu," anauliza, hainui macho,
"mtoto huyu nimwandike wapi?"